Fedha Itoke Mwisho: Namna ya Kukamilisha Ununuzi wa Shamba au Kiwanja kwa Taslimu

Ndugu msomaji, pamba ikishauzwa, au mchimbaji mdogo akibahatika kupata gramu kadhaa katika duara lake, jambo la kwanza wanalolifikiria watu wengi wa mikoa yetu ni ardhi. Mkulima wa Kishapu anatafuta eka tatu za kuongeza. Mchimbaji wa Nyarugusu anataka kiwanja Katoro au Geita mjini, ajenge nyumba ya kupangisha. Mama muuza mchele wa Kahama ameweka akiba miaka sita, naye anataka pahali pake mwenyewe.

Wengi wao hawakopi benki. Wananunua kwa taslimu, yaani hela mkononi. Hilo ni jambo jema, maana hakuna riba wala deni. Lakini lina hatari yake, na hatari hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Mtu anayenunua nyumba kwa mkopo ana mlinzi, hata kama mwenyewe hajui. Benki haitoi hela yake mpaka mwanasheria wake aikague hati, mthamini wake aende kuangalia nyumba, na muuzaji atie sahihi karatasi zote. Benki ina wasiwasi na hela yake, na wasiwasi huo unamlinda na mnunuzi. Mtu wa taslimu hana mlinzi huyo. Hakuna anayemzuia kuvuta hela mfukoni jioni moja chini ya mwembe, mbele ya dalali na mashahidi wawili, akapewa karatasi yenye muhuri, akaenda kulala akidhani amemaliza.

Basi, mwenye taslimu awe benki yake mwenyewe. Afanye yale ambayo benki ingefanya. Na kanuni ya benki ni moja: fedha hutoka mwisho.

UNANUNUA KITU GANI?

Wazee wetu walizoea kusema kwamba ardhi haiuzwi. Zamani hata sheria ilikuwa karibu na maneno hayo: mtu aliuza nyumba, miti na mazao yaliyo juu ya ardhi, na ardhi yenyewe ilihesabiwa kuwa haina bei. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilibadilisha fikra hiyo, ikatambua kwamba ardhi ina thamani. Kisha zikatungwa sheria mbili mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zote zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Hata hivyo, ardhi yote ya Tanzania imebaki kuwa mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Unachonunua wewe ni milki, yaani haki ya kuikalia na kuitumia ardhi ile. Haki haionekani kwa macho kama ng'ombe. Ng'ombe ukimlipia unamfunga kamba unaondoka naye. Haki ya ardhi inahama kwa maandishi, na mbele ya wenye mamlaka ya kuihamisha. Kwa hiyo unaweza kulipa hela yote, ukalima msimu mzima, na bado kisheria shamba likawa la yule aliyekuuzia.

KWANZA, IJUE ARDHI YENYEWE

Sheria imeigawa ardhi katika mafungu matatu. Kuna ardhi ya jumla, ambayo ni ya mijini na mashamba yenye hati za Serikali. Kuna ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Kuna ardhi ya hifadhi, kama misitu ya Serikali, mbuga za wanyama na hifadhi za barabara.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: ardhi yako iko katika fungu gani? Njia ya kununua kijijini ni tofauti na ya mjini, na ardhi ya hifadhi hainunuliwi kabisa.

Hapa angalia mambo mawili kwa macho yako. La kwanza ni barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kiwanja kilicho kando ya barabara ya lami kina bei kubwa, lakini kama nusu yake iko ndani ya mita hizo, nusu hiyo hukuinunua. La pili ni maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au kwenye bwawa.

DHAHABU ILIYO CHINI HAIMO KATIKA BEI

Jambo hili linawahusu sana watu wa Geita, Msalala na Kahama. Muuzaji anaweza kukuambia, "Shamba hili lina mwamba, bei yake sio ya shamba la mahindi." Usikubali kulipia mwamba. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa. Mwenye shamba ana haki ya juu ya ardhi. Mwenye haki ya kuchimba ni yule mwenye leseni iliyotolewa na Tume ya Madini. Shamba moja linaweza kuwa na watu wawili kwa haki: wewe mwenye kulima, na mwingine mwenye leseni ya kuchimba.

Mwenye leseni hawezi kuingia tu na kuchimba shambani kwako. Anatakiwa apate ridhaa yako kwa maandishi, na akikuharibia mazao au majengo anapaswa kukulipa fidia. Lakini ni vizuri kujua habari hizo kabla ya kununua kuliko baada. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi. Ofisi zake ziko Geita, Kahama na Shinyanga. Muulize kama eneo unalotaka lina leseni ya mtu au ya kampuni.

Jihadhari pia na mashamba yanayouzwa haraka haraka karibu na migodi. Wako watu wanaojenga vibanda katika maeneo ya leseni wakitegemea fidia. Huko huitwa kutegesha. Baadaye wanamuuzia mgeni asiyejua. Tathmini ya fidia ikiwa imekwisha kufanyika, mnunuzi anaweza kukuta jina lililoandikwa ni la mtu mwingine, naye akaondoka mikono mitupu.

MUUZAJI NI NANI?

Mtu kuwa ndani ya nyumba sio ushahidi kwamba nyumba ni yake. Uliza maswali manne.

Je, jina lake ndilo lililo kwenye hati au kwenye daftari la kijiji? Omba kitambulisho chake cha Taifa, ulinganishe majina yote matatu, herufi kwa herufi.

Je, ana mke, au ana mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila idhini ya mwenzake. Usukumani wako wazee wenye wake wawili au watatu, na kila mama ana shamba analolima. Mauzo ya shamba analolitegemea mama fulani, bila yeye kuulizwa, ni mwanzo wa kesi. Idhini ya mke iandikwe na itiwe sahihi. Neno la mume kwamba "mama watoto anajua" halitoshi. Nenda ukazungumze na mama mwenyewe.

Je, mali hiyo ni ya urithi? Baba akifa, mtoto mkubwa hapati ruhusa ya kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye awe na karatasi ya mahakama inayomtaja. Kama hana, mwambie aanzie Mahakama ya Mwanzo. Usimlipe hata kianzio.

Je, ardhi hiyo ni ya watu wengi? Katika Mkoa wa Shinyanga tuna ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa. Ngitili nyingine ni za familia, nyingine ni za kijiji kizima. Mtu mmoja hawezi kuuza ngitili ya watu wote.

PIMENI PAMOJA, TENA KWA KAMBA

Kwetu eka moja hupimwa kwa hatua 70 kwa hatua 70. Ni kipimo chepesi, lakini hatua ni za nani? Hebu tufanye hesabu.

Mtu mrefu hatua yake ni sentimita 90. Hatua 70 ni mita 63. Ukizidisha 63 kwa 63 unapata mita za mraba 3,969. Hiyo inakaribia eka kamili, ambayo ni mita za mraba 4,047.

Mtu mfupi hatua yake ni sentimita 75. Hatua 70 ni mita 52 na nusu. Ukizidisha 52.5 kwa 52.5 unapata mita za mraba 2,756. Hiyo ni kama theluthi mbili tu ya eka.

Kwa hiyo ukinunua eka 10 zilizopimwa kwa hatua fupi, umelipia eka 10 na kupata kama eka 7. Eka 3 za pamba zimepotea miguuni! Pimeni kwa kamba au kwa utepe wa mita, na majirani wa pande zote nne wawepo. Jirani ndiye anayejua kama minyaa ile ilipandwa na babu au ilipandwa mwaka jana. Kama kiwanja kimepimwa na Serikali, tafuta mawe ya mpaka, yaani bikoni, na usome namba zake ukilinganisha na ramani.

KUNUNUA KIJIJINI

Sasa tutazame njia yenyewe. Kijijini mambo yafuate mpango huu.

Kwanza, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji pamoja na muuzaji. Ombeni kuangalia daftari la ardhi la kijiji. Kama muuzaji ana Hati ya Haki Miliki ya Kimila, namba ya hati ilingane na daftari.

Pili, muuzaji apeleke maombi ya kuuza kwa Halmashauri ya Kijiji. Wewe mnunuzi uwe raia unayeishi au kufanya kazi katika kijiji hicho, au unayekusudia kufanya hivyo.

Tatu, Halmashauri ikae kikao na kuamua. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti ni mmoja wao tu. Sahihi na muhuri wa mwenyekiti aliyefuatwa nyumbani kwake usiku sio idhini ya Halmashauri. Idhini inaandikwa katika muhtasari wa kikao, na wewe unapaswa kupata nakala ya muhtasari huo. Sheria pia inaitaka Halmashauri ikatae mauzo yatakayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi.

Jambo hili sio la kupuuza. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha amua kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji hauna nguvu. Hela imekwenda, jasho la miaka limekwenda, na mahakama inasema hapakuwa na mauzo.

Nne, mkishapata idhini ndipo mnaandikishana na kulipana. Tano, kijiji kinaandika jina lako katika daftari lake, na kama kuna hati ya kimila, inabadilishwa.

Halafu kuna ile habari ya asilimia kumi. Mahali pengine mnunuzi anaambiwa atoe sehemu ya kumi ya bei kwa viongozi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haimpi kiongozi asilimia kumi ya bei ya shamba lako. Kijiji kinaweza kuwa na ada yake iliyowekwa kwa sheria ndogo. Ukiombwa ada, sema kwa heshima, "Ndugu Mtendaji, naomba nione sheria ndogo, na naomba risiti." Ada halali ina risiti.

KUNUNUA KIWANJA CHENYE HATI MJINI

Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, mpango ni huu.

Kwanza, fanya upekuzi. Upekuzi ni kuomba ofisi ya ardhi ikuambie rasmi, kwa maandishi, kiwanja kile ni cha nani na kina mzigo gani. Mzigo ni kama deni la benki au zuio la mahakama. Unalipa ada ndogo na unapata majibu. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo mtu wa Geita au Shinyanga hana haja ya kufunga safari ndefu. Usikubali muuzaji akufanyie upekuzi huo. Nenda mwenyewe, au mtume wakili wako.

Pili, angalia kodi ya pango la ardhi. Hii ni kodi ya kila mwaka. Kama ina malimbikizo ya miaka mitano, yalipwe kabla, au yatolewe katika bei.

Tatu, andikeni mkataba mbele ya wakili. Kwa ardhi yenye hati, sheria haitambui makubaliano ya mdomo. Hapo ndipo kianzio kidogo kinaweza kutolewa.

Nne, muuzaji na mnunuzi wanajaza fomu za kuhamisha milki na kuzipeleka ofisi ya ardhi. Mthamini anaangalia thamani ya kiwanja, maana kodi haifuati tu bei mliyoandika ninyi.

Tano, kodi zinalipwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Bila cheti cha TRA, Msajili wa Hati haandikishi uhamisho.

Sita, Msajili anaandika jina lako. Siku hiyo, na sio kabla, kiwanja kimekuwa chako.

Viko pia viwanja vingi visivyopimwa pembeni ya miji yetu. Hivyo havina hati ya kupekua, kwa hiyo ulizia zaidi: kwa majirani, kwa serikali ya mtaa, na kwa idara ya ardhi ya halmashauri. Uliza hasa kama eneo hilo limepangwa kuwa shule, soko au barabara.

HESABU YA KODI

Kodi kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya muuzaji, inaitwa kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Ya pili ni ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani ya kiwanja.

Tuchukue mfano. Muuzaji alinunua kiwanja kwa shilingi 2,000,000. Akajenga uzio kwa shilingi 1,000,000, na risiti anazo. Sasa anakuuzia kwa shilingi 6,000,000, na mthamini amekubali kwamba hiyo ndiyo thamani yake.

Gharama zake ni 2,000,000 na 1,000,000, jumla 3,000,000.
Faida yake ni 6,000,000 kutoa 3,000,000, yaani 3,000,000.
Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya 3,000,000, yaani 300,000.
Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya 6,000,000, yaani 60,000.

Unaona faida ya kutunza risiti. Muuzaji asiye na karatasi hawezi kuonyesha gharama zake. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila mwaka, kwa hiyo ulizeni TRA kabla ya kuandikishana. Na muandike katika mkataba nani analipa kodi ipi. Muuzaji akishapata hela yote na kuhamia Mwanza, hana haraka tena ya kulipa 300,000 yake, na bila hiyo jina lako haliandikwi.

Wako wanaoandika bei ya uongo ili kupunguza kodi. Kiwanja cha milioni 6 kinaandikwa milioni 2. Mauzo yakivunjika na ukadai hela yako, karatasi itasema ulitoa milioni 2.

MKATABA USOME MWENYEWE

Wewe uliyehitimu kisomo, hapa ndipo elimu yako inapolipa. Mkataba usisomewe na dalali. Usome mwenyewe, polepole, na neno usilolielewa uliulize. Kama mmoja wenu hajui kusoma na atatumia dole gumba, asomewe mkataba wote mbele ya mashahidi, na iandikwe kwamba amesomewa na ameelewa.

Mkataba uwe na mambo haya: majina matatu ya kila mtu na namba za vitambulisho, mahali ardhi ilipo, ukubwa wake kwa mita, na majirani wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, namna ya kulipa na tarehe, nani analipa kodi, idhini ya mke au mume, mazao au vitu vinavyobaki, siku ya kukabidhiana, na hela itarudishwa namna gani ikigundulika kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza. Kila ukurasa utiwe sahihi. Mashahidi watoke pande zote mbili.

Mkataba wa mjini upelekwe kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Karatasi isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe.

SIKU YA KULIPA

Muuzaji mwenye haraka ana maneno yake. Sikiliza mazungumzo kama haya:

"Mwanangu, kuna mtu mwingine amekwisha toa ahadi. Usipoleta hela leo, kesho kiwanja hakipo."

"Shikamoo mzee. Hela ipo. Lakini kwanza twende kwa Mtendaji tukaangalie daftari."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mzee. Ila karatasi ndiyo itakayokumbuka siku mimi na wewe tutakapokuwa hatupo."

Hayo ni majibu mazuri. Hayana matusi, na hela bado iko mfukoni. Kiwanja kinachopotea kwa kusubiri siku mbili za kuuliza, kiache kipotee. Viwanja vipo.

Siku yenyewe ikifika, usitembee na bulungutu la hela. Lipa kwa benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti yenye jina la muuzaji aliyeandikwa katika mkataba. Usilipe kwenye akaunti ya dalali, wala ya shemeji wa muuzaji. Karatasi ya benki ni shahidi asiyesahau na asiyehongwa. Kama ni lazima kulipana mkononi, hesabuni mbele ya wakili au mbele ya viongozi wa kijiji mkutanoni, na muuzaji aandike risiti yenye kiasi, tarehe na sababu ya malipo.

Usilipe yote kwa mara moja. Kwa kiwanja cha milioni 6, mnaweza kukubaliana hivi: shilingi 600,000 mkitia sahihi mkataba, shilingi 3,400,000 muuzaji akishatia sahihi fomu zote za uhamisho, mkewe akishatia idhini, na hati ikiwa mikononi mwa wakili, na shilingi 2,000,000 zilizobaki baada ya kodi kulipwa na jina lako kuandikwa. Hela iliyobaki ndiyo inayomfanya muuzaji asichoke kupanda ngazi za ofisi ya ardhi pamoja nawe.

BAADA YA KULIPA

Kazi haijaisha. Chukua hati yako au nakala ya muhtasari, uisome tena. Jina likikosewa herufi moja, lirekebishwe mapema. Weka nakala mahali pawili, na mwenzi wako ajue zilipo. Ingia katika eneo lako: safisha, panda miti mpakani, weka alama. Lipa kodi ya pango kila mwaka, risiti uzitunze pamoja na hati.

Ukitokea ugomvi, usichukue panga wala usikimbilie kuita vijana. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo linasuluhisha. Tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda ngazi ya wilaya. Huko kote utaulizwa swali moja: karatasi zako ziko wapi?

Ndugu msomaji, hela ya shamba huja mara moja baada ya misimu mingi. Ikishatoka, kuirudisha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo ardhi ijulikane kwanza, muuzaji ajulikane, mipaka ipimwe, idhini itolewe, mkataba usomwe. Fedha itoke mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, daftari la ardhi liko kwa nani? Je, mmewahi kuliona?
2. Kwa nini muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi?
3. Muuzaji alinunua kiwanja kwa shilingi 1,500,000, akatumia 500,000 kukiendeleza, na sasa anauza kwa 5,000,000. Faida yake ni kiasi gani? Kodi ya ongezeko la mtaji ni shilingi ngapi? Ushuru wa stempu je?
4. Pimeni hatua za watu watano wa kikundi chenu kwa utepe. Eka ya nani ni kubwa, na ya nani ni ndogo?
5. Mzee mmoja anataka kuuza shamba analolima mke wake mdogo. Kama wewe ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, utamuuliza nini kabla ya kuamua?